UZI: Nimejisikia nafoka kwa sauti ya patroni wangu wa zamani. Nyinyi mliiga nini kwa waliowafundisha udaktari?

#1 Munganga_Ruzizi (Bukavu)

Wakubwa kwa wadogo, jambo. Uzi ni mrefu, tafuteni chai kwanza.

Nina miaka minne tangu nile kiapo. Nafanya kazi kwenye hospitali moja hapa Bukavu, sitaitaja. Alhamisi iliyopita asubuhi tulikuwa kwenye mzunguko wa wodi ya watoto, mimi mbele, wanafunzi wanne wa staji nyuma. Kitanda cha sita kuna mtoto wa miezi kumi na nne. Alifika jana yake na malaria kali, damu imepungua mpaka viganja vimekuwa vyeupe, tukamwongezea damu usiku. Mama yake ametoka upande wa Walungu. Nikamwuliza mbona amechelewa kumleta. Akaeleza: alianza na vidonge vya dukani, halafu majani ya bibi mmoja jirani, halafu akangoja mume apate pesa ya njia. Nikabonyeza biki yangu, yaani kalamu, mara mbili, tak tak, nikamwambia: "Kumbe wewe ndiye uliyesoma udaktari, sisi hapa tumekuja kupiga picha?"

Mama akainama. Wanafunzi wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa.

Sasa sikilizeni. Ile sentensi si yangu. Ni ya patroni, daktari mkubwa aliyekuwa akituongoza staji, neno kwa neno, na ile kejeli ya kushusha sauti mwishoni. Nilisimama nyuma yake miezi mitatu nikiona aibu kwa ajili ya wagonjwa. Nakumbuka jioni moja tukila bugali na sambaza (dagaa) kwa mama mmoja pale Nyawera, tuliapa mimi na wenzangu wawili: siku tukiwa sisi, hatutaongea hivyo na mtu yeyote. Hata ile biki ni yake. Alikuwa na biki ya chuma, akiibonyeza mara mbili ujue kuna mtu anakwenda kuchanjwa bila wembe. Nilipotoka kwenye mzunguko niliitazama ya kwangu: ya kubonyeza. Sijui ni lini niliacha zile za kifuniko.

Ingekuwa hayo tu, ningemlaumu nikalala. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyenifundisha kuipasha joto stetoskopu kiganjani kabla ya kuiweka kifuani kwa mtoto. Ndiye aliyenizuia nisimguse mtoto kabla sijasimama nikamwangalia anavyopumua, saa mkononi, dakika nzima, si nusu dakika kisha unazidisha mara mbili. Hayo pia nayafanya bila kufikiri. Na hakuna siku aliyoniketisha akaniambia "leo somo ni stetoskopu". Nilimtazama tu.

Kwa hiyo nilipewa gunia moja, mchele na mawe pamoja. Nauliza: inawezekana kuchambua? Nyinyi mlimwiga nani, na mlijua kwamba mnaiga?

#2 BintiLikasi (Lubumbashi)

Nimecheka hapo kwa "kupiga picha", kwa sababu kwetu nako kuna mmoja anaisema hiyo. Inaonekana wanaigawa mahali fulani.

#3 DarMD (Dar es Salaam)

Pole daktari. Swali dogo kutoka jirani: staji kwenu ni kama intern yetu? Maana sisi tunamaliza MD (shahada ya udaktari) kwanza, ndipo tunakaa mwaka mmoja wa mazoezi.

#4 Munganga_Ruzizi

Karibu jirani. Kwetu staji unaifanya ukiwa bado mwanafunzi, mwaka wa mwisho. Unazungushwa upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, na uzazi. Diploma huna, mshahara huna, bluzi nyeupe (koti la daktari) umejinunulia, na usiku wa gade (zamu) mara nyingi wewe ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Ndiyo maana unamshikilia mkubwa aliye karibu kama mtoto anayejifunza kutembea anavyoshika ukuta.

#5 Fizio_Bkv (Bukavu)

Ndugu mwanzisha uzi, jambo lako lina jina. Wataalamu wa elimu wanaliita mtaala uliofichika. Kuna mtaala ulioandikwa, ule wenye saa na mitihani, halafu kuna ule unaosomwa koridoni: nani anasalimiwa, nani anasubirishwa, mkubwa akikosea anasemaje. Frederic Hafferty aliandika juu yake kwa upande wa udaktari mwaka 1994, Marekani, ila nadhani kila mwanastaji wa Kadutu anaujua bila kumsoma.

Hata la neno kwa neno lisikushangaze. Albert Bandura, pale Stanford mwaka 1961, aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliziwa hewa. Watoto walipoachwa na mwanasesere huyo hawakumpiga tu, walirudia hata maneno aliyokuwa akiyasema yule mtu mzima. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Na utafiti mwingine uliotoka New England Journal of Medicine mwaka 1998, wa Wright na wenzake, uliwauliza madaktari walio mafunzoni kwenye hospitali nne ni wakubwa gani wangependa kufanana nao. Chini ya nusu ya wakubwa ndio waliotajwa. Kilichowatofautisha na wengine ni kwamba walikuwa na muda: walikaa saa nyingi zaidi na wanafunzi, waliwaambia wazi wamefanya vizuri wapi na vibaya wapi, na walizungumza juu ya mgonjwa kama mtu mwenye nyumba na watoto.

Muda. Hapo ndipo hospitali zetu zinapoumia. Patroni asipolipwa inavyotakiwa, mchana yuko kliniki ya binafsi. Wodi inabaki na wanastaji. Hapo wanaigana wenyewe kwa wenyewe.

#6 Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Wanangu, nimewasoma. Nitasema tofauti kidogo, msinipige mawe.

Mimi nimesomea hapa Lubumbashi, enzi za Zaire. Patroni wangu wa upasuaji alikuwa anarusha vyombo. Ukimpa koleo lisilo lenyewe, linaruka. Siku moja mkasi ulipita karibu na sikio langu hivi. Lakini ndiye aliyenifanya nikawa mpasuaji. Mpaka leo mkono wangu hautetemeki, kwa sababu nilijifunza kufunga fundo huku mtu ananitukana ukoo mzima. Nyinyi wa sasa mkiambiwa "umechelewa" mnataka kulia. Mgonjwa anayevuja damu hana subira kama ya mama yako.

Huyo mama wa Walungu, kama kukemewa kutamfanya wiki ijayo amlete mtoto mapema, basi mimi sioni dhambi.

#7 MwuguziWaUsiku (Goma)

Shikamoo baba wa Kamalondo. Mimi ni mwuguzi, miaka ishirini na mbili chumba cha upasuaji na wodi. Naomba niulize: ule mkasi ulioanguka chini, nani aliuokota? Nani aliupeleka kwenye otoklavu, mashine ya kuua vijidudu, tena, mgonjwa akingoja tumbo wazi? Sisi. Na tulikuwa na mkasi mmoja wa aina hiyo hospitali nzima.

Na kuhusu mama kuja mapema: mama aliyeaibishwa mbele ya wodi haji mapema, haji kabisa. Anampeleka mtoto kwenye chumba cha maombi, anakaa huko siku tatu. Namjua kwa sababu akifika usiku ni mimi ninayempokea, na anachoniuliza kwanza ni: "Yule docta mwenye maneno yupo?"

#8 Mzee_Kamalondo

Umenipata, mama. Nimecheka peke yangu hapa.

Acha basi nimalizie hadithi, nimeikata vibaya. Huyo patroni wa mikasi hakuwa na gari. Wakati wa uporaji wa 1991 mji ulikuwa umepinduka, mshahara hauwezi kununua gunia la unga. Alikuwa anakuja kwa miguu saa nane za usiku kumwangalia mgonjwa aliyempasua mchana. Hakuna aliyemwita. Anafungua shuka, anaangalia kidonda, anagusa tumbo kwa vidole viwili, anaangalia chupa ya mkojo, anaandika mstari mmoja kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa), anarudi zake. Hakutuambia lolote kuhusu hilo.

Sasa nikikaa nikawahesabu wenzangu tuliofundishwa naye, karibu wote tunafoka. Wanaorudi usiku bila kuitwa labda wawili. Mimi sijijumlishi.

#9 Munganga_Ruzizi

Mzee, hiyo ya kufoka wote na kurudi wawili imeniondolea usingizi.

#10 Mwana_Ibanda (Bukavu)

Kwani mnahangaika nini na mapatroni wa kurusha mikasi wakati mji huu una daktari Mukwege? Mfano wa kuigwa tunao, dunia nzima imemwona Oslo 2018 akipokea Nobel ya Amani. Mtoto wa mchungaji, amezaliwa hapahapa 1955. Alikuwa anafuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona baba anaomba lakini dawa hatoi, akasema mimi nitakuwa wa kutoa dawa. Akasomea Bujumbura. Alikuwa anataka kuwa daktari wa watoto, akafika hospitali ya Lemera akakuta wanawake wanakufa kwa kuzaa, akabadilisha, akaenda kusomea uzazi Angers, Ufaransa. Lemera ikashambuliwa 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Hakuacha. Hospitali yake ya Panzi ikaanza 1999. 2012 wakamvamia nyumbani kwake, akaondoka, na Januari 2013 akarudi. Wanawake walikuwa wameuza mazao yao ili kuchanga tiketi yake. Mnataka nini tena?

#11 BintiLikasi

Yaya, hakuna anayebisha. Lakini ngoja nikwambie kitu. Mukwege ndiye aliyenifanya niingie udaktari. Hakunifundisha kuingia chumba cha mgonjwa saa kumi usiku nikiwa na njaa. Mtu mkubwa wa namna hiyo unamwona kwenye picha, kwenye hotuba. Humwoni akichoka, humwoni akikasirika na mwuguzi aliyesahau dozi, humwoni akisema "sijui". Na ni pale penye uchovu ndipo ninapomtafuta wa kuiga. Anayepatikana pale ni assistant (daktari msaidizi) wa miaka thelathini na moja, mwenye simu mbili na deni la kodi ya nyumba.

Naongeza langu, la aibu. Hospitali niliyofanyia staji (si lazima mjue ipi), mgonjwa aliyepona akiwa hajalipa haruhusiwi kutoka. Mnajua wenyewe. Kulikuwa na dada mmoja aliyezaa kwa upasuaji, kidonda kimekauka, mtoto ananenepa, deni lipo. Kila asubuhi patroni anafika kitandani kwake, hasimami, anapita kama anavyopita dirisha. Wiki ya kwanza mimi nilisimama, nikamsalimia, nikashika mtoto. Wiki ya pili nilimsalimia nikitembea. Wiki ya tatu sikusimama. Hakuna aliyeniambia nisisimame! Ni miguu yangu tu ilijifunza.

Alikaa siku arobaini na moja. Nilizihesabu baadaye kwenye fishi.

#12 Chukudu_Goma (Goma)

BintiLikasi, miguu yako imenifanya niandike, nilikuwa nasoma tu kimya.

Mimi nilikuwa mwanafunzi Goma wakati wa Ebola. Mnakumbuka: ilitangazwa Agosti 2018 upande wa Mangina na Beni, ikafika hapa mjini Julai 2019, ikatangazwa kwisha Juni 2020. Wagonjwa zaidi ya 3,400, waliokufa zaidi ya 2,200. Kila duka lilikuwa na ndoo ya maji ya klorini mlangoni, mpakani kila mtu anapimwa joto, tulisalimiana kwa viwiko. Mabango ya kunawa mikono mpaka chooni. Mafunzo tulipewa mpaka tukachoka na cheti.

Sasa kwenye wodi yetu kulikuwa na vikundi viwili vya mzunguko, siku moja, ndoo ileile. Kikundi cha patroni A kilinawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, wote, mpaka mwanafunzi mzembe kuliko wote (mimi). Kikundi cha patroni B hakikunawa. Bango lilikuwa moja. Patroni A alikuwa ananawa, patroni B alikuwa na haraka. Ndiyo tofauti nzima. Na unajua kinachotokea ukiwa mwanafunzi wa B ukataka kunawa? Unaonekana unamsema mkubwa. Unaona bora ubaki na mikono michafu kuliko kumwaibisha.

Vienna ya 1847 ilikuwa hivyohivyo. Wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, kwa sababu ndivyo walimu wao walivyofanya. Wodi ya pili walikozalisha wakunga, wanawake walikuwa hawafi namna hiyo. Daktari mmoja pale, Semmelweis, akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, vifo vikaanguka ndani ya miezi michache. Wakubwa wengi hawakumfuata. Na kama mkubwa hanawi, mdogo atanawa vipi?

#13 DarMD

Hii ya "unaonekana unamsema mkubwa" ni kweli tupu. Mimi nilikuwa naenda kunawa kwa siri kama mtu anayevuta sigara shuleni.

#14 MamaSambaza (Kadutu, Bukavu)

Mie siko munganga, siko docta. Niko mama ya kuuzisha sambaza ku soko ya Kadutu, mutoto yangu mwanamuke ndiye alinionyesha hii uzi, na ye ndiye anaandika venye niko nasema.

Mwaka ilipita kijana yangu alilazwaka na tumbo, typhoïde, matumbo ilitoboka, balimupasula. Banganga balikuwa bengi, kila asubui banakuya kikundi. Mie sijuaka mukubwa ni nani, bote bako na bluzi nyeupe. Lakini nilikuwa najua kama leo mukubwa alilala muzuri ao mubaya. Unajua sababu gani? Naangalia sura ya bale badogo ba nyuma. Mukubwa akiwa mukali, bale badogo nabo banarudi mangaribi banaongea na siye mubaya, banatupa fishi ku kitanda. Mukubwa akisalimia, bale badogo banarudi mangaribi banauliza "mama, kijana alikula?"

Kulikuwa moja, mukubwa ya nywele nyeupe. Siku ya kwanza aliikala ku kitanda, akaniuliza jina yangu, ile jina yenyewe, haiko "mama ya kitanda ya kumi na mbili". Siku ingine nikaona kijana moja wa staji naye anaikala ku kitanda vile vile, mukono ku goti vile vile, mpaka kukohoa kidogo vile mukubwa alikuwa anakohoa. Nikacheka. Ule mukubwa alikuwa na mafua, ye hana!

#15 Munganga_Ruzizi

Mama, aksanti sana. Kuiga mpaka kikohozi! Mungu amlinde kijana.

#16 Fizio_Bkv

Mama ametoa somo ambalo lingenichukua mihadhara mitatu. Nitaongeza kitu kimoja halafu ninyamaze.

Kinachoigwa haraka ni kile kinachoonekana: biki, kikohozi, sauti, mkao. Kisichoonekana ni kufikiri. Patroni anapomgusa mgonjwa tumbo kisha akasema "mpelekeni upasuaji", mwanafunzi ameona mkono na amesikia amri. Kilichopita katikati hakukiona. Basi anaiga mkono na amri. Ndiyo maana waliozungumzia jambo hili, kama wazee wawili wa chuo cha McGill kule Montreal, Richard na Sylvia Cruess, wanasisitiza kwamba mkubwa aseme kwa sauti anachokifanya na kwa nini, na baadaye akae na wadogo waongee juu ya kile walichokiona. Si hotuba. Dakika tano koridoni: "Mmeniona nimebadilisha mawazo pale kitanda cha tatu? Nilibadilisha kwa sababu gani?"

Mzee wa Kamalondo, yule patroni wako angewaambia hata mara moja tu kwa nini anarudi saa nane, huenda leo mngekuwa zaidi ya wawili.

#17 Mzee_Kamalondo

Huenda. Ila enzi zetu mkubwa akieleza sababu alionekana amelegea.

#18 BintiLikasi

Kuhusu kusema kwa sauti, nina mmoja tu. Daktari wa magonjwa ya ndani, mwanamke, wa kwanza niliyemwona akiongoza mzunguko wa wanaume wanane. Mgonjwa ana homa wiki ya tatu, vipimo havisemi kitu. Mbele ya mgonjwa na ndugu zake na sisi wote akasema: "Baba, mpaka leo sijui unaumwa nini. Najua nini hauumwi. Kesho nitampigia mwenzangu nimuulize." Mimi nilitaka kujificha. Nilidhani yule mzee atapoteza imani. Mzee akasema, "Aksanti docta, wengine walikuwa wananiambia kila siku kitu kingine."

Tangu siku hiyo "sijui" imekuwa rahisi kinywani mwangu. Lakini nimegundua naisema na kuinamisha kichwa upande wa kushoto kama yeye. Kumbe hata ukweli tunauiga na shingo yake.

#19 MwuguziWaUsiku

Na mimi niwakumbushe kitu banganga. Mmehesabu mapatroni tu tangu asubuhi. Nani aliwafundisha kutafuta mshipa wa mtoto aliyekauka maji? Nani alikuambia "docta, kabla hujaandika hiyo dozi, angalia uzito tena"? Wengi wenu mmefundishwa na wauguzi usiku halafu mchana mnamtaja profesa.

Nimeshaona mwanastaji anajifunza nami wiki sita, mpole, anasalimia mpaka mama wa kufagia. Siku amepewa diploma ananiita "wewe". Hakulitoa kwangu hilo. Aliangalia wakubwa wanavyoniita.

#20 Chukudu_Goma

Mama una haki. Natoa ushahidi.

Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mnakumbuka. Ndosho na hospitali nyingine za mji zilipokea majeruhi kwa mamia. Mimi nilikuwa kwenye moja ya hizo, si mwanafunzi tena lakini mchanga bado. Usiku wa pili, sina hesabu ya niliowafunga vidonda. Kazi yangu ilikuwa ya kupanga: huyu aende chumba cha upasuaji sasa, huyu angoje, huyu... hatuna la kumfanyia, apewe dawa ya maumivu na mtu wa kumshika mkono. Hiyo ya tatu hakuna kitabu kinakufundisha kuisema. Nilipofika kwa kijana mmoja nikasimama kama mti. Sikuweza kuitoa.

Mwuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima, akanivuta kwa mkono wa bluzi. Hakunifariji. Akachuchumaa pale chini kwenye saruji, akamwekea yule kijana mkono kwenye paji la uso, akamwuliza ametoka wapi. Kitchanga. Akamwuliza mama yake anaitwa nani. Akawa anamwita kwa jina la mama yake, "mwana wa fulani", huku mwenzake anatayarisha sindano ya maumivu. Pengine dakika mbili. Halafu akasimama, magoti yakalia, akaniambia: "Sasa wewe, yule wa pale."

Na nikafanya kwa yule wa pale. Vilevile. Mpaka kuchuchumaa, mpaka jina la mama.

Asubuhi daktari mpasuaji mkubwa alitoka akatukuta tumekaa ukutani. Akatuletea chai mwenyewe kwenye vikombe vya plastiki, akasema tu "kunyweni, dakika tano, halafu tuendelee". Tangu hapo kwenye gade yangu kuna termosi ya chai. Wadogo wanadhani ni tabia yangu.

#21 DarMD

Chukudu, sina neno. Pole sana ndugu yangu.

#22 Mwana_Ibanda

Nimerudi. Nilikuwa mkali juu, lakini ya Chukudu imenishusha. Nakubali: yule mama wa zamu hana hata picha kwenye ukuta.

Kiapo cha kale cha madaktari kilisema mwalimu uliyefundishwa naye umhesabu kama mzazi, na kile cha Geneva cha 1948 nacho kinataja heshima na shukrani kwa walimu. Mzazi basi unarithi mpaka pua yake, hata kama huipendi.

#23 BintiLikasi

Pua huwezi kuibadilisha. Mdomo unaweza.

#24 Mzee_Kamalondo

Swali kwa mwanzisha uzi: yule mama wa Walungu yuko wapi sasa?

#25 Munganga_Ruzizi

Nilikuwa nasubiri kuulizwa, na nilikuwa naogopa kuulizwa.

Ijumaa nilirudi kwenye wodi kabla ya mzunguko, peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kimyakimya, tuyamalize. Nikafika kitanda cha sita, mtoto amekaa, anatafuna mkate, mama ananiona, anaanza kukusanya kanga kama mtu anayetaka kufukuzwa. Nikaona kwamba nikimwomba msamaha sasa hivi, wawili tu, wale wanne hawatajua. Watabaki na ile ya jana. Nikamsalimia, nikamwambia nitarudi.

Saa mbili tukaja wote. Nikasema, kwa Kiswahili cha kawaida na si kwa Kifaransa, ili naye asikie: "Mama, jana nilikusemesha vibaya mbele ya hawa. Nisamehe. Ulifanya ulichoweza, na ukamleta." Mama akasema "hakuna neno docta", ile hakuna neno ya watu waliozoea. Sijui kama amenisamehe. Mtoto aliniangalia kama anayemwangalia mdaiwa wake.

Halafu, baada ya kumsoma Fizio hapa, nikajaribu ile yake koridoni: nikawauliza wanafunzi waliona nini siku ya kwanza. Kimya. Wawili wakaangalia viatu. Wa tatu akasema, "Tuliona mama amechelewa kuja." Nikamwambia hiyo ni kweli, na nini tena? Kimya. Sijui kufundisha hivi, nilibabaika, nikarudi kwenye dozi za artesunate, dawa ya malaria, ambako najua njia.

Biki nimempa mlinzi wa getini. Nimenunua ile ya bluu ya kifuniko, faranga mia tano.

Leo asubuhi, tukiwa kitanda cha pili, yule wa nne, binti mkimya wa nyuma ambaye hajawahi kuniuliza kitu, akanisogelea. "Docta, ile biki yako iko wapi?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Hapana, docta. Ni kwamba tulikuwa tunaisikiliza. Ikilia mara moja tunaandika. Ikilia mara mbili kila mtu anaangalia chini."

#26 MwuguziWaUsiku

Na mlinzi wa getini sasa anaibonyeza mara ngapi?

#27 Munganga_Ruzizi

Mama, sitaki kujua.